Kila Zama na Karatasi Yake

Desemba 10, 2018, Rais John Magufuli aliwakutanisha wakuu wa mikoa jijini Dar es Salaam na kumkabidhi kila mmoja vitambulisho 25,000. Vilikuwa vya wamachinga, mama lishe, wauza mboga na kila mchuuzi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayafiki shilingi milioni 4. Kimoja kiliuzwa shilingi 20,000. Mwenye nacho hakupaswa kubughudhiwa na mgambo wala kudaiwa ushuru wa kila siku. Matoleo ya mwanzo hayakuwa na jina wala picha ya mwenyewe. Mtu angeweza kumwazima jirani yake aliyekwenda kuuza ndizi, na hakuna ambaye angejua.

Waliokuwa na umri wa kukumbuka miaka ya nyuma hawakushangaa sana. Historia ya Serikali na mchuuzi mdogo nchini Tanzania ni historia ya karatasi: kipande, kibali, leseni, kitambulisho, namba ya mlipakodi. Kila awamu ilipotaka kumsaidia mtu anayeuza kidogokidogo, ilianza kwa kumwandika. Kila ilipotaka kumwondoa mjini, ilianza pia kwa kumwuliza karatasi yake iko wapi. Chombo ni kilekile, kazi mbili, na mara nyingine zote mbili zimefanyika ndani ya sheria moja.

Chimbuko lake ni la kikoloni. Katika Tanganyika neno kipande lilijulikana kwanza mashambani, hasa kwenye mkonge, ambako manamba alipewa kadi ya kazi ya siku 30, na kila siku aliyomaliza ikawekwa alama. Mjini Dar es Salaam, Waingereza waliendeleza mpango wa kuugawa mji kwa rangi: ukanda wa Wazungu pwani, wa Wahindi katikati, na wa Waafrika ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, huko Kariakoo, mahali palipochukua jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps. Mwafrika aliruhusiwa kufanya biashara, lakini njia yake ilikuwa nyembamba. Sheria ya kudhibiti mikopo kwa wenyeji ilimzuia mfanyabiashara asiye Mwafrika kumdai Mwafrika mahakamani mpaka deni liwe limeandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Ilitungwa kwa jina la ulinzi, wenyeji wasije wakanyonywa. Matokeo yake ni kwamba mwenye duka la jumla hakuwa na sababu ya kumkopesha mchuuzi mweusi, na bila kukopa mali, duka halikui.

Vita Kuu ya Pili ilipojaza mji watu, ikaja sheria ya mwaka 1944 iliyowapa wakuu uwezo wa kumwondoa mjini mtu aliyeonekana hana kazi inayoeleweka. Wachuuzi wa karanga, maji na samaki wa kukaanga walijikuta kwenye kundi moja na wahuni. Operesheni za kuwarudisha makwao zilifanywa mara kwa mara hadi uhuru unaingia, na wengi waliorudishwa walirejea.

Serikali ya uhuru ilikuwa na nia nyingine kabisa, lakini nayo haikumwamini mchuuzi. Baada ya Azimio la Arusha mwezi Februari 1967, mabenki yalitaifishwa pamoja na kampuni kubwa za kuagiza na kusafirisha bidhaa, na Shirika la Biashara la Taifa likashika usukani wa biashara ya jumla. Miaka michache baadaye kazi hiyo ikagawiwa kampuni za biashara za mikoa. Mwenye duka dogo akawa mtu wa kupanga foleni kwenye ghala la umma. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika. Vijiji vingi vilibaki bila duka lolote, wala la ujamaa wala la mtu, na Serikali ikalazimika kulegeza kamba.

Katikati ya miaka hiyohiyo lilizaliwa shirika lililodumu kuliko mengi ya wakati wake. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Fikra yake ilikuwa tofauti na ile ya maduka ya ushirika: kumpa fundi mashine, mafunzo, eneo la kufanyia kazi na mkopo. Katika Arusha, Moshi na miji mingine yakajengwa maeneo ya viwanda vidogo, na kwa msaada wa Sweden baadhi ya karakana ziliunganishwa na viwanda vya Kiswidi vilivyozifundisha kazi. SIDO ilimwona mjasiriamali kuwa mtu anayetengeneza. Anayenunua hapa na kuuza pale hakuwemo kwenye picha hiyo, naye ndiye aliyekuwa akiongezeka mjini kila mwaka.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, vita vya Kagera, bei ya mafuta na kudorora kwa uzalishaji vilikuwa vimeikausha nchi. Sabuni, sukari, unga na dawa ya meno viliuzwa kwa kificho. Machi 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Maelfu walikamatwa, na usiku watu walitupa bidhaa barabarani na mitoni ili wasikutwe nazo. Mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Nguvu Kazi. Kila mtu mwenye uwezo alitakiwa awe na kazi inayotambulika na kitambulisho cha kuithibitisha. Dar es Salaam waliokosa karatasi walipakiwa kwenye malori kupelekwa mashambani.

Hapo ndipo historia ilipojikunja kwa namna ya ajabu. Ili kuwatenganisha wazururaji na watu wanaojitafutia riziki, ilibidi kazi kadhaa ndogondogo zitambuliwe rasmi. Halmashauri zikaanza kutoa leseni za nguvu kazi kwa wauza chakula, washona viatu, wachuuzi wa nguo na wenye vigenge. Sheria iliyotungwa kuwafagia wasio na ajira ikawa ya kwanza kumwambia mchuuzi wa zama za uhuru kwamba anachokifanya ni kazi. Leseni hiyo iliishi muda mrefu kuliko msako ulioizaa. Ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati mfumo wa leseni za biashara ulipopunguzwa makali.

Badiliko kubwa zaidi, hata hivyo, halikuja na leseni. Lilikuja na bajeti ya Juni 1984, miezi miwili baada ya Sokoine kufa ajalini. Waziri wa Fedha, Cleopa Msuya, aliruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje bila kuulizwa amezipata wapi. Kwa uamuzi huo mmoja rafu zilianza kujaa. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi aliingia Ikulu, na watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Mitumba ikashuka bandarini kwa marobota, na vijana wa kusini, kutoka Lindi na Mtwara, wakaonekana Kariakoo wakiwa na mashati kwenye mabega na mikanda mikononi. Jina la wamachinga, la watu wa kule, likasambaa mpaka likawa la kila anayetembeza bidhaa, awe ametoka Mtwara au Mwanza.

Miaka ya 1990 ilipunguza ajira serikalini na kufunga viwanda vingi vya umma. Aliyepunguzwa kazi aliungana barabarani na kijana aliyemaliza darasa la saba. Mwaka 1995 wachuuzi wa Dar es Salaam waliunda VIBINDO, umoja wa vyama vyao, ili wapate wa kuzungumza na manispaa badala ya kukimbizana na mgambo kila mmoja kivyake.

Serikali ya Benjamin Mkapa iliitikia kwa sera. Sera ya viwanda vidogo na biashara ndogo ilitoka mwaka 2003, na mwaka uliofuata ukaanza Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge, MKURABITA. Nyuma yake palikuwa na mchumi wa Peru, Hernando de Soto, ambaye taasisi yake ilipita nchini na kukadiria kwamba asilimia 98 ya biashara zilikuwa nje ya mfumo rasmi. Hoja yake ilipendeza kwa wepesi wake: maskini wana mali, wanachokosa ni hati. Mpe mama hati ya kiwanja au cheti cha biashara, benki itamfungulia mlango. Hati zilitolewa. Mabenki hayakuharakisha. Ofisa wa mikopo alijua kwamba nyumba ya Manzese au shamba la Handeni, hata likiwa na hati safi, si rahisi kulipiga mnada.

Jakaya Kikwete alijaribu njia fupi. Mara tu baada ya kuingia madarakani, Serikali yake ilitenga fedha za kuwadhamini wajasiriamali wadogo, shilingi bilioni moja kwa kila mkoa, zipitie benki za biashara. Mitaani ziliitwa mabilioni ya JK. Zilipofika, benki zilidai dhamana, mchanganuo wa biashara na kikundi chenye katiba, na wengi wa walengwa waliziona kwenye magazeti tu. Mwaka 2006, vibanda vya barabarani vilibomolewa katika miji mikubwa. Mkono mmoja uligawa mtaji, mwingine uliondoa meza ya kuuzia.

Jibu la tatizo la meza lilikuwa jengo. Karume, Ilala, lilisimamishwa Machinga Complex kwa mkopo kutoka NSSF, ghorofa kadhaa zenye vizimba vya maelfu ya wafanyabiashara, likakamilika mwaka 2010. Kwenye ramani lilikuwa karibu kabisa na Kariakoo. Kwa mchuuzi lilikuwa mbali, kwa sababu mteja wake hapandi ngazi. Mnunuzi wa soksi hukutana nazo akielekea kituo cha daladala, na mwenye kizimba cha juu alishinda akitazama wenzake wa chini wakiuza. Vizimba vingi vilikaa vitupu, deni likazidi kukua, na jengo likawa mfano unaotajwa kila mtu anapotaka kusema kwamba machinga hawakuulizwa.

Mpango uliodumu zaidi ulikuwa wa halmashauri. Tangu miaka ya 1990 zilielekezwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake na vijana, na kwa miaka mingi agizo lilitekelezwa pale mkurugenzi alipotaka. Mwaka 2018 likawa sheria: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Fedha zilianza kutoka kweli, na upungufu wake ukaonekana kweli. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilionyesha vikundi hewa na mabilioni yasiyorejeshwa. Aprili 2023 mikopo ilisimamishwa, ikarejea mwaka 2024 kwa kanuni mpya, na katika halmashauri kumi za majaribio ikapitishwa benki.

Wakati haya yakiendelea, biashara ndogo ilikuwa imepata msaada mwingine ambao hakuna aliyeuita msaada. Mwaka 2008 Vodacom ilileta M-Pesa Tanzania. Hapakuwa na sheria ya fedha za simu. Benki Kuu ingeweza kusema subirini Bunge. Badala yake iliziandikia kampuni barua ya kutokuwa na pingamizi, kwa sharti kwamba fedha za wateja zikae benki kwenye akaunti za dhamana. Sheria ya Mifumo ya Malipo ilikuja mwaka 2015, miaka saba baada ya wananchi kuanza kutumiana pesa. Mwaka 2014 kampuni za simu zilikuwa tayari zimeanza kukubaliana fedha zihame kati ya mitandao yao, jambo lililoiweka Tanzania mbele ya nchi nyingi za Afrika. Kwa upande wa nyaya, kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam Julai 2009, na Mkongo wa Taifa ukaanza kuisambaza intaneti mikoani. Katika historia yote hii ya karatasi, huenda iliyofanya kazi kubwa kuliko zote ni hiyo barua iliyosema tu kwamba mwandishi wake hana pingamizi.

Mtu wa kwanza kunufaika alikuwa winga. Kariakoo jina hilo ni la kijana asiye na fremu wala mzigo. Anayafahamu machimbo yote: nani ameshusha kontena la viatu kutoka Guangzhou, nani anauza mabegi kwa bei ya jumla. Zamani alimdaka mteja mtaani na kumpeleka dukani akapata chake. Simu yenye kamera ilimwondolea kazi ya kudaka. Alipiga picha mali ya mwenye duka, akaiweka Instagram au kwenye hali ya WhatsApp, akaongeza faida yake juu ya bei, akasubiri. Mteja wa Mbeya au Kigoma alilipa kwa simu. Mzigo ukafungwa, ukaandikwa jina na namba, ukapakiwa kwenye basi la usiku. Pango la fremu, ambalo Kariakoo hudaiwa la miezi mingi kwa mkupuo pamoja na kilemba, halikumhusu.

Wageni wenye mitaji hawakuweza kushindana na mpangilio huo kirahisi. Jumia, kampuni iliyoingia soko la hisa la New York Aprili 2019, ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba mwaka huohuo. Wauzaji wa Instagram waliendelea. Hawakuwa na maghala wala magari. Walikuwa na bodaboda, mabasi na uaminifu uliojengwa kwa picha za mizigo iliyofika. Walikuwa pia na matapeli wao, waliolipwa na kupotea, kiasi kwamba hoja ya nani alipe kwanza bado huanzisha mabishano marefu kwenye maoni ya kila tangazo.

Sheria ziliwafikia hatua kwa hatua. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilitambua mkataba uliofungwa mtandaoni na kumpa mnunuzi haki zake, ingawa iliyozungumzwa zaidi mwaka huo ni pacha wake, Sheria ya Makosa ya Mtandao. Usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), uliofikia ukomo wake Januari 2020, ukaifunga kila namba ya simu na mtu halisi. Kisha kodi. Julai 15, 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, juu ya ada zilizokuwepo. Kwa muuzaji ambaye kila mauzo yake hupita kwenye simu, ilikuwa kama ushuru wa kila meza anayopita. Kelele zilisikika, Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikapunguzwa tena.

Mwaka huo wa 2021 mchuuzi wa barabarani naye alipata mtihani wake. Chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, mwezi Oktoba wamachinga waliondolewa pembezoni mwa barabara za Dar es Salaam na miji mingine na kuelekezwa maeneo yaliyotengwa. Wengi walikuwa na kitambulisho cha 2018 mfukoni. Hakikuwahi kusema mwenye nacho asimame wapi. Baadaye machinga waliwekwa chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii, na vitambulisho vikaanza kutolewa upya, safari hii vya kidijitali, vyenye picha na taarifa za NIDA. Baadhi ya waliokosa mahali pa kutandika walihamia kwenye simu, wakawakuta mawinga wamewatangulia.

Huko nako fedha za kukuza mtaji zilipatikana kwa njia ya mkato. Programu za simu zilikopesha bila dhamana, kwa riba kubwa, na mkopaji alipochelewa ziliwatumia watu walio kwenye orodha yake ya namba ujumbe wa kumwaibisha. Mitaani mikopo ya namna hii inaitwa kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ni hatua ya ulinzi, lakini ni ishara pia ya mahali ambapo wachuuzi walikuwa wakitafuta mtaji wakati mikopo ya asilimia 10 imesimama.

Mvutano na wakusanya kodi ulilipuka penyewe. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kulalamikia kamatakamata na ukaguzi wa stoo, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Juni 2024 wakafunga tena. Moja ya malalamiko yaliyorudiwa ni la kale kuliko simu: mwenye fremu analipa kodi, pango na leseni, huku mali ileile ikiuzwa mlangoni pake, au kwenye skrini, na mtu asiyelipa chochote. Sheria ya Fedha ya 2022 ilikuwa imezigusa kampuni za kigeni za kidijitali kwa kodi ya asilimia 2 ya mapato yao nchini; mwaka 2024 watengeneza maudhui wakaingizwa kwenye kodi ya zuio ya asilimia 5; na mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ikawataka wanaouza mtandaoni wajisajili kama wafanyabiashara wengine.

Biashara hii hata hivyo ina udhaifu ambao genge la nyanya halina. Wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020 mitandao ya kijamii ilizuiwa, na wauzaji wakajifunza kutumia VPN. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mwingine, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Oda hazikuingia, malipo yalikwama, na mwenye duka la mtandaoni hakuwa na hata pazia la kuteremsha.

Anayeuza viatu kwa simu kutoka chumba cha kupanga Mbagala leo ana karatasi nyingi kuliko mchuuzi yeyote aliyemtangulia: namba ya NIDA, laini iliyosajiliwa kwa kidole, TIN, lipa namba na rekodi ya kila shilingi iliyoingia na kutoka. Benki ya miaka ya JK ingezitamani. Lakini mkopo wa halmashauri, isipokuwa kwa watu wenye ulemavu, bado ni wa vikundi, na vinavyotambulika kwenye kata. Akifika kwa ofisa maendeleo ya jamii kuomba, ataulizwa biashara yake iko mtaa gani, kisha ataambiwa arudi na wenzake wanne.